Kufunga inteki kwenye Mark X mwenyewe nyumbani: tuanze na hewa, sauti baadaye

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Naona vijana wengi wanafunga inteki (njia ya kuingizia injini hewa) zenye filta za uyoga, zile zinazokaa wazi bila boksi, kwenye Mark X na Crown. Filta inanunuliwa Kariakoo mchana, inafungwa jioni nje ya geti, kesho yake taa ya injini imewaka. Lawama inabebeshwa sensa ya hewa, inanunuliwa nyingine, taa inarudi pale pale. Kazi yenyewe si ngumu. Mwenye bisibisi, boksi spana namba 10 na subira anaimaliza asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Kinachokosekana ni kujua lile boksi jeusi la Toyota lilikuwa linafanya kazi gani kabla ya kung'olewa.

Nitazungumzia Mark X ya GRX120, injini 4GR-FSE, V6 ya cc 2,499, kwa sababu ndiyo ninayoitumia na ndiyo imejaa barabarani. Crown ya GRS180 ina injini hiyo hiyo. GRX121 inabeba 3GR ya lita 3, mambo yanakaribiana. Mwenye IST au Spacio asiondoke, kanuni ni moja.

Fungua boneti uifuate njia ya hewa tangu mwanzo. Mdomo wake uko mbele kabisa, juu ya rejeta, nyuma ya grili. Unavuta hewa ya nje, si ile iliyonaswa ndani ya boneti. Hewa inaingia kwenye boksi, inapita kwenye chujio la karatasi, inapita kwenye sensa iliyofungwa kwa skrubu 2, halafu inafuata hosi ya mpira mpaka kwenye throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Maana yake gari lilitoka kiwandani likiwa na inteki ya hewa baridi tayari. Vile vichumba vya plastiki vilivyobandikwa pembeni ya hosi kazi yake ni kumeza sauti, ndiyo maana Mark X ya kiwandani iko kimya kama haina injini.

Sasa nisimdanganye mtu. Kwenye injini isiyo na turbo, bila kugusa programu ya kompyuta, nguvu unayoongeza kwa inteki ni kidogo na inakuja kwenye mizunguko ya juu tu. Unachopata kwa uhakika ni sauti. Na V6 ikivuta hewa kwa nguvu kuanzia mizunguko 4,000 kwa dakika kwenda juu ni muziki, mtu akiitaka sauti hiyo ana haki yake. Ila aipate bila kuiumiza injini.

Injini haichomi hewa kwa ujazo, inachoma kwa uzito. Gramu 1 ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa. Hewa ikipata moto inatanuka, kwa hiyo ujazo ule ule unabeba gramu chache. Chukua hewa ya nje ya nyuzi 35, ilinganishe na hewa ya ndani ya boneti ya nyuzi 65: uzito umepungua karibu asilimia 9. Filta ya uyoga iliyoachwa wazi nyuma ya rejeta, uko foleni ya Ubungo saa 8 mchana feni zinapuliza, inavuta hewa hiyo hiyo iliyokwisha kupashwa na rejeta. Mtu ametoa pesa yake, amepata mlio na amepoteza nguvu.

Sehemu ya pili ndiyo inayowasha taa. Sensa ya MAF, ndiyo ile sensa ya hewa, ina waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kuurudishia joto lake. Kwa hesabu hiyo inajua gramu ngapi za hewa zimeingia kila sekunde, inapima petroli ya kuzitosha. Lakini waya ule unagusa sehemu ndogo tu ya hewa inayopita katikati ya bomba. Nyingine yote kompyuta inaikadiria kwa kuamini kwamba bomba lina kipenyo kile kile cha Toyota. Ukiitoa sensa kwenye bomba la milimita 65 ukaiweka kwenye la 75, eneo la bomba limeongezeka kwa theluthi nzima. Kasi ya hewa inashuka, waya unapoa kidogo, kompyuta inadhani hewa ni chache na inapunguza petroli wakati hewa ni ile ile. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Kompyuta inajaribu kufidia kwa kusikiliza sensa za oksijeni kwenye ekzosi, ikifika kikomo chake inawasha taa na kuandika kodi (namba za hitilafu) P0171 na P0174, moja kwa kila upande wa V6. Na 4GR ina mkandamizo wa 12 kwa 1. Injini ya namna hiyo haitaki mchanganyiko mkavu ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda dukani na rula. Pima kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa kwenye mfuniko wa boksi lako, kisha pima kwenye bomba unalouziwa. Visitofautiane. Bomba liwe limenyooka kabla ya kufika kwenye sensa, lisiwe na kona palepale, maana hewa inayozunguka inamchanganya yule waya. Kiti cha sensa kiwe cha skrubu 2 chenye nafasi ya oringi. Kiti kisichoshika vizuri, chenye kubandikwa kwa gundi, kiache dukani.

Kazi yenyewe. Gari lipoe kabisa. Toa waya wa hasi kwenye betri, ukikumbuka kwamba redio na saa vitajisahau. Toa plastiki za juu ya rejeta kwa kuinua vile vipini vyake taratibu, vikizeeka vinavunjika, kwa hiyo nunua vichache vya akiba. Chomoa soketi ya sensa kwa kubana ulimi wake, usivute waya. Waya hizi ni 5, na ndani yake imo pia sensa ya joto la hewa, kwa hiyo ukizikata au kuziunga ovyo utapata kodi P0113 juu ya matatizo uliyonayo. Fungua skrubu 2, itoe sensa wima, iweke kwenye kitambaa safi mbali na vumbi. Usiiguse kidole pale kwenye waya na usiipulize kwa kompresa.

Chomoa hosi ya pumzi inayotoka kwenye kava ya valvu kwenda kwenye hosi kubwa. Hiyo ikumbuke, nitairudia. Legeza klipu kwenye throto, toa hosi kubwa, toa boksi lenye bolti namba 10. Ukishaitoa hosi, ziba mdomo wa throto kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Skrubu au jiwe dogo likiangukia humo ndani kazi imehama kutoka nyumbani kwenda gereji.

Boksi na kila skrubu yake viweke kwenye mfuko, andika jina la gari, hifadhi. Usiuze. Siku ya kuuza gari au siku ya kutafuta tatizo utalihitaji.

Kwenye kufunga, anza bila kukaza. Panga bomba lote, hakikisha haligusi boneti, feni wala mkanda, na lina nafasi ya kucheza kwa sababu injini inatikisika kwenye mpira wake na bodi haitikisiki. Hapo ndipo kiungo cha silikoni kinapofanya kazi. Kisha kaza klipu kutoka kwenye throto kuja mbele. Sensa irudishe kwa kufuata mshale uliochorwa juu yake, unaelekea injini. Hosi ya pumzi irudi kwenye tundu lake kwenye bomba jipya, baada ya sensa, si kabla.

Halafu ngao. Hili ndilo watu wanaliacha, na ndilo ninalolipigania. Filta ikae ndani ya ukuta wa bati au plastiki ngumu wenye mpira juu unaobana kwenye boneti, na ule mdomo wa Toyota wa mbele ubaki unaingiza hewa ndani ya ukuta huo. Kama seti uliyonunua haina ngao, fundi bati yeyote anaikunja kwa karatasi ya alumini ukimpa kielelezo cha boksi la karatasi ulichokata mwenyewe. Bila ngao, ninakushauri urudishe boksi na usahau habari hii.

Rudisha betri, washa, liache lipate joto bila kukanyaga mafuta. Naomba kuwasilisha, maswali karibuni.

Fundi, Gerezani

Mkuu umeandika vizuri lakini hapo kwenye joto unatisha watu. Hizi filta nafunga siku zote. Gari likishaanza kukimbia upepo wa mbele unaingia, joto la foleni linaondoka. Nani anatafuta nguvu akiwa foleni?

Mleta uzi

Fundi wangu, nakubali nusu. Gari likikimbia joto linashuka, kweli kabisa. Lakini halishuki ghafla, kwa sababu bomba, bati na plastiki zote zimeshashika moto, na wakati ule ule unaotoka foleni ndipo unapokanyaga kupita lori. Tena injini ikipata hewa ya moto iko karibu zaidi na kugonga (mchanganyiko kujilipua wenyewe ndani ya silinda), na sensa ya kugonga ikisikia, kompyuta inarudisha moto wa plagi nyuma. Nguvu inapungua mara ya pili.

Tusibishane kwa maneno. Chukua kifaa cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, cha bei nafuu kinachounga na simu, soma joto la hewa inayoingia gari likiwa limesimama dakika kumi linaunguruma, kisha uendelee kusoma ukiwa barabarani. Fanya hivyo na boksi la Toyota, fanya na uyoga ulio wazi, fanya na uyoga wenye ngao, siku moja. Linganisha kila namba na joto la nje. Kwa baadhi ya magari ya soko la Japani programu inagoma kuunga mpaka uchague itifaki kwa mkono, msikate tamaa mapema.

Fundi, Gerezani

Sawa, lipo Crown hapa linasubiri. Nitalipima kabla ya kumrudishia mwenyewe. Na mimi niongeze moja ambalo hukusema: wateja wanaleta mabomba ya PVC ya maji wamepaka rangi nyeusi. Hayo siyafungi. Joto likikaribia nyuzi 80 PVC inalainika, inajikunja, klipu inaachia. Ukiwa na bahati gari linazimika tu likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukikosa bahati kipande kinavutwa.

Mleta uzi

Asante sana fundi, hilo lisomwe mara mbili. Alumini, silikoni yenye nyuzi ndani, au plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wanaogombana kama alumini inapasha hewa kuliko plastiki, mimi siwafuati: gari likikimbia hewa inapita ndani ya bomba kwa sehemu ndogo ya sekunde, haipati muda wa kupashwa sana. Chanzo cha hewa ndicho kinachoamua.

Mdau, Dodoma

Mkuu mimi shida yangu ni vumbi. Nakaa mtaa ambao lami haijafika. Filta za pamba zenye mafuta zinafaa huku? Muuzaji anasema zinaoshwa, ni za maisha.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye uzi huu.

Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Chembe ndogo zikipita zinaingia kati ya ringi na ukuta, zinasaga kidogo kidogo. Hutasikia kitu mwaka wa kwanza. Baadaye gari linaanza kula oili, moshi wa bluu asubuhi, watu wanasema injini za siku hizi hazina maisha. Injini ilikula vumbi.

Pamba yenye mafuta inafanya kazi kwa kunasa vumbi kwenye unyevu wa mafuta. Wenye jina kwenye hizo ni K&N wa California, wako kwenye kazi hiyo tangu 1969, na walianzia kwenye pikipiki za mashindano ya vumbi, kwa hiyo wazo lenyewe si la kudharau. Lakini lina masharti. Ukiosha lazima ikauke yenyewe kivulini, halafu upake mafuta yake maalumu kwa kiasi. Ukipaka kidogo vumbi linapita. Ukipaka mengi yanavutwa na kuganda kwenye waya wa sensa, na sensa iliyoganda inasoma hewa pungufu. Mafuta ya injini au ya kupikia usijaribu kuyaweka.

Kwa mtaa wa vumbi kila siku, mimi ningebaki na chujio la karatasi lenye ubora, ndani ya boksi lake, na ningelibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Chujio la karatasi likianza kuchafuka linazidi kuchuja vizuri, kinachopungua ni hewa. Na ile tabia ya kulipeleka kwa fundi wa pancha alipulize kwa kompresa tuiache. Upepo ule unatoboa karatasi matundu usiyoyaona kwa macho, ukilirudisha linaonekana safi na linapitisha mchanga.

Kipimo kisicho na gharama: toa bomba baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa filta unapokaa, endesha siku chache, fungua. Mstari wa vumbi juu ya grisi utakuonyesha mlango wenyewe ulipo.

Mdau, Nairobi

Uzi moto sana ndugu. Mimi niko na Forester ya turbo. Nilidhani ile scoop ya boneti ndiyo inalisha injini hewa, kwa hivyo nikiweka filter karibu na hapo itakuwa sawa ama?

Mleta uzi

Karibu jirani. Hapana, lile tundu la boneti linapuliza juu ya intakula, ile rejeta ya hewa iliyolala juu ya injini. Hewa hiyo haiingii kwenye silinda, inapoza tu ile iliyokwisha kubanwa na turbo. Hewa ya kuvuta injini inaingia mbele kwenye grili kwenda kwenye boksi lililo pembeni. Ukiweka filta chini ya tundu hilo umeinyima intakula upepo na umeipa filta mvua.

Kwenye turbo uangalifu uongezeke. Hapo valvu ya kurudisha hewa inarudi kwenye bomba la inteki baada ya sensa, kwa sababu hewa hiyo imeshahesabiwa. Wanaoiachia nje ili isikike inapiga chafya kila wakibadili gia, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Na Subaru hizo zikibadilishiwa kipenyo cha bomba la sensa bila kutengenezewa programu, mchanganyiko mkavu pamoja na presha ya turbo ni njia fupi ya kuvunja pistoni. Kwa turbo naomba usifunge nyumbani mpaka uwe na mtu wa programu anayekusubiri.

Mdau, Nairobi

Asante. Basi nitaacha box yake, nibadilishe element (chujio) tu. Na huku juu, mita kama 1,800, intake inasaidia kurudisha nguvu zinazopotea?

Mleta uzi

Hairudishi. Huko hewa yenyewe ni nyepesi, shinikizo liko chini ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 20. Sensa inapima uzito, inaona gramu ni chache, inapunguza petroli kwa usahihi. Inteki haiwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Turbo ndiyo inayopunguza pengo hilo, na wewe unayo. Faida yenu ni baridi, kwa hiyo mdomo wa hewa ukiwa nje mnafaidi kuliko sisi wa pwani.

Mdau, Marekani

Wakuu nawasoma kutoka California. Kwa ndugu wanaoagiza seti kutoka huku: angalieni kwenye tangazo kama ina namba ya EO (kibali) ya CARB, mamlaka ya hewa ya jimbo hili. Hapa bila namba hiyo huruhusiwi kuitumia barabarani na gari linakwama kwenye ukaguzi wa moshi. Nyumbani hamna sharti hilo, lakini namba hiyo inawasaidia hata nyie, maana ina maana seti ilikaguliwa kwamba haiharibu moshi wa gari husika, na isingepita kama bomba la sensa lingekuwa ovyo. Seti za Lexus IS250 ndizo za kuangalia, injini ni 4GR ile ile, ila IS250 ya huku ina usukani kushoto, kwa hiyo pimeni nafasi kabla ya kulipa.

Mleta uzi

Mkuu hilo la EO ni dhahabu kwa wanaoagiza. Nami nisisitize hapo mwisho: kulingana kwa injini si kulingana kwa boneti. Betri, tanki la breki na mabomba ya AC vinaweza kukaa pengine.

Dada, Kinondoni

Samahani kaka, mvua zinakaribia na mimi napita Jangwani kila siku. Wamenifungia inteki ndefu, filta iko chini nyuma ya bampa, karibu na taa ya ukungu. Walisema huko ndiko hewa baridi iliko. Kuna hatari?

Mleta uzi

Dada yangu, hatari ipo na ni kubwa. Kweli huko chini hewa ni baridi, na kwenye nchi za lami kavu inafaa. Lakini Msimbazi ukifurika maji yanafika kwenye bampa kabla hujajua kina, na filta ikizama injini inakunywa maji. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na maji juu yake, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, wakati mwingine inatoboa bloku.

Kabla mvua haijaanza waambie wakurudishie bomba fupi, filta ipande juu ndani ya ngao. Au mwaka huu lirudishwe boksi la kiwandani, ule mdomo wake uko juu ya rejeta kwa sababu nzuri. Ziko valvu za kupitisha hewa ambazo huwekwa katikati ya bomba refu kuzuia maji yasivutwe, ila kwa njia yako mimi nisingeziegemea.

Na ikitokea gari limezima ndani ya maji, tafadhali usilipige staa tena, hata mara moja. Injini nyingi hufa kwenye ile staa ya pili. Livutwe mpaka kwa fundi, zitolewe plagi, maji yatolewe kwanza.

Dada, Kinondoni

Nashukuru sana kaka. Kesho nalipeleka.

Mdau, Mwanza

Mkuu, mie nimefunga kwenye Mark X kama hiyo hiyo ya kwako. Nimepima kipenyo, sawa. Ngao ipo. Lakini sailensa inapanda na kushuka, na taa imewaka na P0171 na P0174. Nimenyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo vyote, hakuna kinachovuja. Fundi anataka kubadilisha sensa.

Mleta uzi

Usinunue sensa bado. Soma kwenye OBD masahihisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, ukiyajumlisha. Soma gari likiwa sailensa limepata joto, kisha lishikilie kwenye mizunguko 2,500 usome tena. Tuletee namba zote.

Mdau, Mwanza

Sailensa ni +24. Kwenye 2,500 inashuka hadi +6.

Mleta uzi

Hapo umeshanipa jibu, au karibu. Tatizo lingekuwa kipenyo cha bomba au sensa chafu, asilimia ingekuwa mbaya kote, kwenye sailensa na kwenye mizunguko. Ufa kwenye bomba kati ya sensa na throto nao ungeonekana kote, kwa sababu kadiri injini inavyovuta zaidi na ufa unavuta zaidi. Yako ni mbaya kwenye sailensa peke yake. Hiyo ni hewa inayoingia nyuma ya throto, kule kwenye mvuto mkali. Kiasi chake ni kile kile, ila injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo kwa hiyo kiasi hicho kinaonekana kikubwa.

Niambie, hosi ya pumzi ya kava ya valvu imeingia wapi?

Mdau, Mwanza

Ile imetolewa mkuu. Tundu la kwenye bomba limezibwa kwa kizibo cha mpira, na kwenye kava wamefunga filta ndogo nyekundu, zilikuja pamoja kwenye boksi.

Mleta uzi

Ndiyo hiyo hiyo.

Injini inapumua kwa njia 2. Upande mmoja kuna valvu ya PCV inayovuta mvuke wa oili kutoka chini kwenye karta (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kuupeleka kwenye manifodi (mabomba yanayogawia silinda hewa), nyuma ya throto. Upande wa pili kuna hosi ya pumzi, inayoingiza hewa safi kuchukua nafasi ya mvuke uliotoka. Toyota waliiunga hosi hiyo kwenye bomba baada ya sensa ili hata hewa hiyo iwe imepimwa. Ukiweka filta ndogo juu ya kava, hewa inaingia hapo bila kupimwa, inashuka kwenye karta, inavutwa na PCV, inatokea kwenye manifodi. Sabuni haikuonyesha kitu kwa sababu hakuna kiungo kilichopasuka.

Na kwenye 4GR kuna sababu nyingine ya kuuheshimu mfumo huo. Injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli kabisa. Mvuke wa oili ukichanganyika na vumbi la filta ndogo isiyo na maana unaganda kwenye valvu na kuwa makaa. IS250 zinajulikana kwa ugonjwa huo. Tusiuongezee chakula.

Toa filta ndogo na kizibo, rudisha hosi, futa kodi, endesha siku moja mbili, kisha usome tena.

Mdau, Mwanza

Nimerudi mkuu. Hosi imerudi, sailensa imetulia kabisa. Masahihisho ni +3 kwenye sailensa na +4 kwenye 2,500. Taa haijarudi. Sauti bado ipo, tena sasa naisikia vizuri maana gari halitetemi. Je, nioshe na sensa kwa usalama?

Mleta uzi

Safi sana. Sensa usiiguse, namba zako zimetulia na kitu kizima hakioshwi. Siku ikihitaji, tumia dawa ya kopo iliyoandikwa ni ya MAF, usitumie ile ya kabureta wala brashi, na iachwe ikauke kabla ya kuwasha.

Ila iangalie hosi yenyewe. Kama imekauka na ina mipasuko ukiikunja, nunua nyingine ya kuhimili oili, ikate kwa urefu ule ule isije ikajikunja kwenye kona. Na klipu zake za springi za kiwandani zirudishe, usiweke za skrubu. Mpira ukipata joto na kupoa unasinyaa. Springi inaufuata, skrubu inabaki ilipokazwa.

Fundi, Gerezani

Mleta uzi, ile Crown nimeipima. Uyoga wazi, imesimama inaunguruma: hewa inayoingia ina joto kuliko nilivyotegemea, na nimekimbia nayo mpaka Tazara ndipo ikakaribia ya nje. Mwenyewe nimemwonyesha kwenye simu yake. Leo tunakunja ngao. Mpira wa juu wa kubana boneti unatumia upi?

Mleta uzi

Mpira wa mlango, fundi, ule wenye bomba la uwazi ndani na meno ya chuma chini. Unauzwa kwa mita kwenye maduka ya spea za bodi. Uwe mrefu kidogo kuliko ngao, boneti ikifungwa ulale. Ili ujue kama unabana, paka chaki juu yake, funga boneti, fungua, tazama alama imekatika wapi.